Bunduki ya upepo juu ya paa: jibu kwa baba wa Kariakoo

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa baba mmoja anayeishi ghorofa ya tatu, mitaa michache kutoka Soko la Kariakoo. Aliandika hivi, nami nimefupisha kidogo tu: "Daktari, habari za kazi. Marehemu baba aliniachia bunduki ya upepo. Kunguru wanatusumbua sana kwenye tangi la maji juu ya paa, na kijana wangu wa miaka 12 anataka nimfundishe shabaha. Nifanyeje ili niitumie bila majirani kuogopa wala polisi kuja mlangoni? Na je, kiafya ina madhara au ni ya kuchezea tu?"

Nimelipenda swali hili kwa sababu linauliza waziwazi jambo ambalo wazazi wengi hulifanya bila kuuliza. Kila Idi na kila Krismasi, meza za Mtaa wa Congo na zile za kuelekea Msimbazi hujaa bastola nyeusi za plastiki, na wiki inayofuata sisi madaktari huwapokea watoto waliofumba jicho moja. Kwa hiyo, baba, nitakujibu wewe, ila nitazungumza na wengine pia.

Jibu fupi ni kwamba kwa hapo unapoishi, juu ya paa, haiwezekani kuitumia kwa usalama. Jibu refu linaanzia kwenye kifaa chenyewe.

Kuna makundi matatu ambayo watu huyaita yote "bunduki za kuchezea". La kwanza ni bastola za plastiki zinazorusha vigololi vya plastiki vya milimita 6, rangi ya njano au nyeupe, kwa nguvu ya springi. La pili ni zile mpya zinazorusha vidonge vya jeli ambavyo kwanza hulowekwa kwenye maji vikavimba. La tatu ni bunduki ya upepo yenyewe, ile uliyoachiwa na mzee, inayokunjwa mtutu au kuvutwa mkono ili kubana hewa, na kurusha chembe ya risasi ya milimita 4.5 au 5.5, au wakati mwingine kigololi cha chuma. Haina baruti, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Wanadhani kisicho na baruti hakiui.

Hebu tuangalie mwendo. Bunduki ya upepo ya kawaida ya milimita 4.5 hutoa chembe yake kwa mwendo wa kati ya mita 150 na 300 kwa sekunde. Ngozi ya mwanadamu hutobolewa na chembe ya namna hiyo ikifikia takriban mita 100 kwa sekunde. Jicho halihitaji hata kiasi hicho. Maana yake ni kwamba hata bunduki dhaifu katika kundi hili ina nguvu ya ziada ya kupenya ngozi, na ikimpata mtoto pajini itaingia, haitaishia kuacha alama nyekundu. Chembe ikikosa lengo inaweza kwenda mita 300 au zaidi kabla ya kuanguka. Simama juu ya paa lako uhesabu mitaa iliyomo ndani ya mita 300 hapo Kariakoo, na watu waliomo ndani ya mitaa hiyo saa nne asubuhi siku ya Jumamosi.

Nchini Marekani, ambako vifaa hivi vimezoeleka na takwimu zake hukusanywa, watafiti walipitia kumbukumbu za idara za dharura kuanzia mwaka 1990 hadi 2016. Walikadiria kwamba watoto zaidi ya 13,000 walitibiwa kila mwaka kwa majeraha ya bunduki za upepo na jamaa zake. Karibu asilimia 15 ya majeraha hayo yalikuwa ya macho. Huko watoto wengi hucheza kwenye viwanja vikubwa nyuma ya nyumba. Wetu huchezea kwenye ngazi za ghorofa na kwenye vichochoro vya upana wa mita moja na nusu.

Kinachotokea ndani ya jicho

Jicho la mtu mzima lina kipenyo cha milimita 24 hivi, na la mtoto ni dogo kidogo. Mungu amelizungushia mfupa mgumu, juu ya nyusi na kwenye shavu, na mfupa huo hutukinga na mambo mengi: ngumi, mpira wa miguu, kona ya meza. Lakini mfupa huo ni kama nondo za dirisha. Mkono haupiti, ila kokoto inapita. Kigololi cha milimita 6 hupita katikati ya nyusi na shavu bila kugusa mfupa popote, na nguvu yake yote huishia kwenye jicho lenyewe.

Kikigonga bila kutoboa, jicho hubonyea kama mpira uliopungua upepo kisha hurudi. Katika kubonyea huko vishipa vidogo vya damu hupasuka, na damu hujaa sehemu ya mbele ya jicho, kati ya kioo cha jicho na ile sehemu yenye rangi. Ukimkalisha mtoto wima utaiona damu imetuama chini kama chai iliyobaki kwenye glasi. Mtoto atasema haoni vizuri, ataogopa mwanga, anaweza kutapika au kusinzia. Wazazi wengine huona jicho halijachanika, wanasema "litapoa", wanampa mtoto pipi na kumlaza. Hiyo ni hatari, kwa sababu damu hiyo inaweza kuziba njia ambayo maji ya jicho hutokea. Presha ya jicho ikapanda, mshipa wa fahamu wa kuonea huanza kufa. Isitoshe, jicho lililovuja damu mara ya kwanza linaweza kuvuja tena ndani ya siku tano zinazofuata, na mara nyingi mvujo wa pili huwa mbaya kuliko wa kwanza. Ndiyo maana daktari akisema mtoto arudi kesho na keshokutwa kuangaliwa, tafadhali mrudishe hata kama anaruka ruka.

Hapa niseme neno kwa wazazi wenye watoto wa selimundu, na Tanzania tuko wengi: inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo nchini kila mwaka. Chembe za damu za mtoto huyu zikiingia kwenye maji ya jicho hujikunja na kukakamaa, hazitoki, na presha hupanda hata kwa tone dogo la damu ambalo kwa mtoto mwingine lingeisha lenyewe. Hata mtoto ambaye haugui ila amebeba vinasaba vya selimundu anaweza kupata tatizo hilo. Kwa hiyo likitokea jeraha la jicho, neno "selimundu" liwe la kwanza kumwambia mhudumu, kabla hata hujaeleza aliyempiga ni nani. Baadhi ya dawa za kushusha presha ya jicho hazimfai mtoto huyu.

Halafu kuna madhara yanayokuja polepole. Lenzi iliyotikiswa inaweza kugeuka nyeupe baada ya wiki au miezi, na mtoto wa miaka saba akapata mtoto wa jicho ambao tumezoea kuuona kwa bibi yake. Pazia la nyuma la jicho, yaani retina, linaweza kuchanika. Presha ya jicho inaweza kupanda miaka kumi baadaye, wakati kila mtu ameshasahau ile sikukuu. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka minane hivi kuna jambo jingine: ubongo wake bado unajifunza kuona. Jicho likizibwa na damu au ukungu kwa muda mrefu, ubongo huliacha na kutegemea lile jingine. Unaweza kumfanyia upasuaji ukafanikiwa kabisa, jicho likawa safi, na bado mtoto asione vizuri.

Namkumbuka mvulana wa miaka tisa aliyeletwa na mama yake siku ya tatu baada ya Idi. Aliyempiga alikuwa binamu yake, ngazini, kwa umbali wa kama mita mbili. Siku ya kwanza bibi alimwekea maji ya sukari, siku ya pili jirani akaleta matone yaliyobaki kwenye friji yake. Matone hayo yalikuwa na steroidi. Alipofika kioo cha jicho kilikuwa na kidonda chenye usaha. Mama alikuwa akirudia neno moja tu, kwamba bastola yenyewe ilikuwa ya plastiki na aliinunua pamoja na nguo za sikukuu. Mvulana alipona, lakini kwenye jicho hilo sasa anahesabu vidole tu, hasomi. Sikumlaumu bibi, wala sidhani kuna wa kulaumiwa pale nyumbani. Ila napenda ujue kwamba lile la kwanza lilikuwa mkwaruzo ambao pengine ungepona kwa wiki moja.

Vile vidonge vya jeli navyo visidharauliwe kwa sababu ni laini. Vikipigwa karibu vinajeruhi jicho vilevile. Na kabla havijalowekwa ni vidogo kama mbegu za haradali, vya rangi nzuri, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu atavila. Vikifika tumboni vinaendelea kunywa maji na kuvimba, vinaweza kuziba utumbo, na picha ya eksirei ya kawaida haivionyeshi. Mtoto mdogo anayetapika mfululizo na tumbo kujaa, katika nyumba yenye bunduki hizo, daktari aambiwe habari ya vidonge hivyo.

Tundu dogo la kwenye nguo

Jeraha la chembe ya bunduki ya upepo mwilini hudanganya kwa namna nyingine. Tundu ni dogo kama la msumari, damu ni kidogo, na mtoto anaweza kutembea mwenyewe hadi hospitali. Lakini kifua cha mtoto ni chembamba, na mfupa wa panja, hapo pembeni mwa jicho, ni mwembamba pia. Katika nchi mbalimbali zimeandikwa habari za chembe hizi kuingia kwenye moyo, mapafu, utumbo na ubongo, na kuna watoto waliokufa. Kwa hiyo tundu lolote kichwani, shingoni, kifuani au tumboni ni dharura, hata kama mgonjwa anaongea na anaomba soda.

Usijaribu kuichokoa chembe kwa kibano au sindano. Funika kwa kitambaa safi, bana taratibu kama damu inatoka, uende. Mwulize mhudumu pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Likiwa ni jicho, mambo ni haya. Usilisugue, usilikandamize, na kama unahisi limetobolewa usilioshe. Chukua kikombe kidogo cha plastiki au kata kitako cha kikombe cha karatasi, kiweke juu ya jicho kikae kwenye mfupa bila kugusa jicho lenyewe, kisha kibandike kwa plasta. Mkalishe mtoto wima au mwinue kichwa kwa mito miwili. Kama kuna maumivu mpe parasetamoli peke yake, kwa sababu aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuongeza kuvuja kwa damu. Usimpe chakula kizito, maana huenda akahitaji kulazwa usingizi kwa upasuaji. Hakuna maziwa ya mama, hakuna asali, hakuna sukari, hakuna matone ya jirani, na hapa sibembelezi.

Kwa walio Kariakoo, Gerezani, Ilala au Upanga, Muhimbili iko karibu sana, na ina wataalamu wa macho na wa upasuaji wa ubongo katika eneo moja. Amana ipo pia kwa huduma ya kwanza na rufaa. CCBRT kule Msasani inajulikana kwa macho. Ukienda, beba kigololi au chembe moja ya aina iliyomjeruhi mtoto. Tukijua ni plastiki, risasi au chuma tunajua kipimo cha kuomba. Kigololi cha chuma kikiwa ndani ya jicho, kipimo cha MRI hakifanyiki, kwa kuwa sumaku yake inaweza kukivuta. Beba chembe, usibebe bunduki. Ukiingia nayo mkononi kwenye lango la hospitali utawapa walinzi kazi nyingine kabla mtoto hajaonwa.

Majirani na polisi

Hapa ndipo swali lako linapogusa afya kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Unasema hutaki majirani waogope. Baba, wataogopa, na wana haki. Jiji hili lina kumbukumbu. Agosti 25, 2021, mtu mwenye silaha aliwaua askari polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi karibu na Ubalozi wa Ufaransa, mchana kweupe. Watu waliokuwa barabarani siku ile bado wapo, na wengine bado wanashtuka gari likipiga mlio wa moshi. Sasa mtu anayeanika nguo ghorofani anainua macho, anaona mwanaume juu ya paa la pili amelenga mtutu upande wake. Hawezi kujua kama ni ya upepo, na hakuna sababu ya kumtaka asubiri ajue. Atapiga 112, nami nitamwunga mkono.

Polisi nao wakifika hawawezi kujua. Novemba 22, 2014, huko Cleveland, Marekani, mvulana wa miaka 12 aitwaye Tamir Rice alikuwa akichezea bustanini bastola ya kurusha vigololi vya plastiki. Mtu alipiga simu polisi, akasema pengine ni ya bandia. Neno hilo halikuwafikia askari. Gari lao lilifika na mtoto alipigwa risasi ndani ya sekunde chache, akafariki siku iliyofuata. Alama ya rangi ya chungwa iliyopaswa kuwa mdomoni mwa bastola ile ilikuwa imeondolewa. Umri wake ni ule ule wa kijana wako.

Kwetu kuna hatari nyingine ambayo huenda ni kubwa zaidi kuliko ya askari. Bastola bandia zimetumika katika uporaji hapa mjini mara nyingi, na kila mfanyabiashara wa Kariakoo analijua hilo. Kijana wa miaka 14, mrefu, ameficha bastola nyeusi ya kuchezea kiunoni, anakimbizana na wenzake kwenye msongamano wa Mtaa wa Congo. Ikidondoka, mtu mmoja akapiga kelele ya mwizi, hakuna atakayeiokota kuangalia kama ni plastiki. Majeraha ya kipigo cha umati ni miongoni mwa mabaya kabisa tunayoyapokea, na anayepigwa huwa hapati nafasi ya kujieleza. Mzazi, kama umeshamnunulia, isitoke nje ya mlango. Na kama ina kipande chekundu au cha chungwa mdomoni, asikiondoe na wala asikipake rangi nyeusi. Vijana hufanya hivyo ili ipendeze kwenye picha.

Kuhusu sheria, silaha nchini zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni hutolewa kwa mtu kwa jina lake. Kwa hiyo bunduki ya marehemu hairithiwi kama kitanda au cherehani. Usikubali maneno ya muuzaji wala ya fundi kwamba "hii ya upepo haihitaji karatasi". Mtu wa kukujibu hilo ni polisi. Nenda kituoni mikono mitupu kwanza, ukiwa na nyaraka zozote alizoacha mzee, ueleze ulichonacho na ulivyokipata, nao watakuelekeza namna ya kuipeleka kukaguliwa. Kuipakata kwenye daladala au bajaji ikiwa imefungwa kwenye kanga ni kujitafutia balaa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye ajue. Sisemi hivi kwa kupenda urasimu. Mwenyekiti anayejua jambo mapema ndiye atakayetuliza watu uvumi ukianza. Wakikuambia uisalimishe, isalimishe. Serikali imewahi kutoa hata vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari.

Ukiruhusiwa kuwa nayo, mahali pa kuipigia si Kariakoo na si mjini kabisa. Panatakiwa pawe mahali ulipopata ruhusa ya mwenye ardhi na ya polisi, nyuma ya shabaha kuna kichuguu cha udongo au mchanga kinachomeza chembe, na hakuna njia ya watu mbele wala pembeni. Ukuta wa zege, bati na jiwe haviwi ngao, kwani kigololi cha chuma hugonga na kumrudia mpigaji mwenyewe usoni. Kila aliyepo, hata mtazamaji, avae miwani ya kinga ya plastiki ngumu. Miwani ya jua ya barabarani huvunjika na vipande vyake huingia jichoni. Nyumbani ikae imefungwa kwa kufuli, haina chembe ndani, na chembe zikae kabati jingine. Mtoto wa miaka 12 asiiguse bila mtu mzima kusimama kando yake, hata dakika moja. Majeraha mengi ninayoyajua yalitokea katika dakika ambayo mtu mzima alikwenda kupokea simu.

Risasi tunayoila

Kiswahili chetu kimeweka jina moja kwa kitu kinachotoka kwenye bunduki na kwa madini yenyewe, na hapa jina hilo linatusaidia. Chembe nyingi za bunduki ya upepo ni madini ya risasi, na risasi ni sumu ya ubongo, hasa wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa. Watu hupiga shabaha ndani ya vyumba, vumbi la kijivu linatua kwenye zulia, mtoto anatambaa hapo. Wapigaji wana tabia ya kushika chembe kwa meno wakati wa kujaza. Watoto huziokota na kuziweka mdomoni kwa sababu ni ndogo na nzito. Mtoto mwenye chembe iliyobaki kwenye kiungo, tuseme gotini, anaweza kuendelea kufyonza risasi polepole kwa miaka, kwa kuwa ute wa kiungo huiyeyusha. Ikikaa kwenye nyama ya paja, mara nyingi tunaiacha na kuifuatilia, na wazazi hutushangaa. Kuitafuta kwa kisu kunaweza kuumiza kuliko yenyewe. Kwa hiyo anayezishika asizishike kwa meno, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na asipigie shabaha ndani ya nyumba.

Sasa kunguru wako. Ndege hawa ni wa India. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wakitegemewa kula taka, wakavuka kuja bara, na leo wako kila paa. Hapa Dar es Salaam zimeendeshwa kampeni za kuwapunguza kwa mitego na sumu maalumu, na hiyo ni kazi ya wataalamu. Wewe usiweke sumu yako, maana itaishia kwa paka au kwa mtoto wa jirani. Bunduki haitakusaidia. Kunguru ni werevu, ukimpiga mmoja wengine hujifunza sura yako na paa lako, wanakaa mbali kidogo na kukupigia kelele, na wewe umebaki unafyatua kuelekea madirisha ya watu. Ukimwua, mzoga huangukia kwenye tangi au kwenye genge la mama chini.

Kijana akitaka shabaha, kuna vishale vya ubaoni vyenye ncha ya sumaku, kuna pool, na kuna mpira wa kikapu ambao utamtoa jasho pia. Kwenye tangi weka mfuniko wenye kufuli na wavu kwenye tundu la hewa, lioshwe, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Kinyesi cha ndege na maji ya kunywa ya familia havikai pamoja, na hilo pekee lingetosha kunifanya nipande hapo juu na fundi bomba wiki hii. Mfuko wa taka utoke asubuhi gari linapopita, usilale nje usiku. Kunguru wakikosa chakula kwenu watahamia ghorofa ya pili, na hilo mtalizungumza kwenye kikao cha mtaa.